Walimwitikia Shangazi, Kumbe Yumo Ndani

Shangazi alifungiwa ndani ya chumba cha kugandishia samaki tangu adhuhuri hadi alasiri, na waliomfungia ni marafiki zake.

Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyekuwa amelewa, na hakuna aliyekuwa mgeni kazini. Walimfungia kwa sababu walimpenda na walishazoea kumsaidia. Ukilisikia jambo hili mara ya kwanza unadhani umesikia vibaya. Ukilisikia mara ya pili, kutoka kinywani mwake mwenyewe, unatafuta pa kukaa.

Saa kumi na mbili asubuhi, Shangazi anasimama mbele ya mlango uleule. Ni mlango wa chuma, mweupe, mnene kama godoro, umekwaruzwa na matoroli sehemu ya chini. Kila unapofunguliwa, ukungu unamwagika sakafuni na kulamba viatu vya watu. Amevaa koti zito na kofia ya sufi. Vifungo vya koti amefungwa na binti yake kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu mwenyewe haviwezi tena.

Mkono wake wa kulia umebaki na kidole gumba na kidole cha mwisho. Vitatu vya katikati havipo.

Juu ya mlango, mwenye ghala aliwahi kumlipa mchora vibao aandike kwa herufi kubwa za buluu: KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA. Rangi bado mbichi machoni, kama imepakwa jana.

"Watu wakisoma pale, halafu wakiniangalia mkono, wanajifanya wamepaliwa," anasema. "Nawaambia, chekeni tu. Mimi nimebakiwa na viwili, tena si majirani."

Anacheka peke yake. Wenzake wanaangalia sakafu.

Leo wana sababu zaidi ya kuangalia sakafu. Leo Pacha anarudi kazini.

Shangazi ana miaka arobaini na mitatu, na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye baridi hii. Kazi yenyewe haina siri. Gari linaleta katoni za samaki, watu saba wanaziteremsha, wanazisukuma kwa toroli, wanazipanga ndani mstari kwa mstari hadi juu ya kichwa. Gari jingine linakuja, wanazipangua. Katoni moja ina kilo ishirini. Ndani kuna baridi inayokausha mate mdomoni na kugandisha kope.

Malipo ni ya siku. Ukichelewa unakatwa nusu siku. Ukitoka kabla ya muda unakatwa siku nzima. Malipo ya siku sita ni kodi ya chumba. Siku zinazobaki wanagawana muuza unga, nauli na shule, na mara nyingi hawaelewani.

Kwa majina ya kwenye kitambulisho hawajuani vizuri. Humu ndani kila mtu ana undugu aliopewa siku ya kwanza. Yeye aliitwa Shangazi kwa sababu siku aliyoanza alimkuta kijana mmoja anaingia kwenye baridi bila kofia, akamkamata sikio.

"Mama yako amekuzaa na kichwa ukihifadhi, siyo ukigandishe!" alimwambia.

Kijana huyo siku hizi ni baba wa watoto wawili. Anaitwa Redio, kwa sababu hana pa kuzimia.

"Alinivuta sikio likawaka moto," anasema Redio. "Nikasema, huyu si mfanyakazi mwenzangu. Huyu ni shangazi yangu kabisa, yule wa harusini."

Kuna Komeo, mtu wa mlango, aliyeufunga na kuufungua miaka yote hiyo. Kuna Mjomba, kuna Shemeji na mwenzake Bwana Harusi, ambaye hajaoa. Na kuna Pacha.

Pacha ni mwanamke mdogo kwa Shangazi kwa miaka kumi hivi, mwembamba, mwenye kipaji cha kuigiza sauti za watu. Ghalani kila mpangaji ana mwenzake wa kuingia naye, na hawa wawili waliingia pamoja, wakatoka pamoja, wakala kwenye bakuli moja. Mtu akimtafuta mmoja, huelekezwa alipo wa pili.

"Yule nilikuwa namjua hata chafya," anasema Shangazi. "Akikohoa ndani, mimi nje nasema, huyo amesahau skafu."

Sasa lielezwe neno ambalo wafanyakazi wengi wanalijua bila kufundishwa. Neno hilo ni kubebana.

Mwenzako mtoto wake anaumwa, anataka kutoka mapema. Akisema, anakatwa siku nzima. Basi hasemi. Anakunong'oneza, "Nibebe." Wewe unapanga katoni zako na zake, na msimamizi akiuliza, unasema yuko chooni. Kesho unambeba wewe, keshokutwa unabebwa. Katika ghala hili hakuna aliyewahi kumchoma mwenzake kwa msimamizi, na walijivunia hilo kuliko mshahara.

"Mshahara gani wa kujivunia?" anauliza Mjomba. "Sisi tulichokuwa nacho ni hicho tu. Kubebana."

Neno la pili lilikuwa la mlangoni.

Mlango ule hufungwa kila mapumziko ili baridi isitoroke. Swichi ya taa iko nje. Kwa hiyo kabla ya kufunga lazima ijulikane kwamba ndani hamna mtu. Zamani Komeo aliwaita mmoja mmoja na kuwaangalia usoni. Ilichukua muda, ukungu ukamwagika, na msimamizi akapiga kelele kuhusu bili ya umeme.

Wakatafuta njia ya mkato. Kila anayetoka, akipita mlangoni, anapiga kelele, "Pamoja!" Komeo anakuwa ameinama, anavuta toroli la mwisho na kuondoa kabari ya mlango, masikio yake yanahesabu. Pamoja, pamoja, pamoja. Sauti sita za wenzake, mlango unafungwa.

Lilikuwa neno tamu. Walilipokezana kama wimbo, kila mtu na madoido yake. Shangazi alilisema kwa sauti nzito, polepole, kama mtu anayefunga sala. Pacha alikuwa akimwiga na ghala zima linacheka.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi. Kwa ndani mlango huo una kitasa cha dharura. Ukikisukuma, unafunguka hata kama umefungwa kwa nje. Kitasa hicho kilikatika, likabaki tundu na kipande cha chuma ndani yake. Msimamizi aliambiwa. Akasema atamwita fundi.

Hakumwita, nao hawakumkumbusha.

"Tungemkumbusha ya nini?" anasema Komeo, na uso wake unakunjamana. "Tulikuwa na Pamoja. Tuliona mdomo wa mwenzako ni bora kuliko chuma."

Siku ya tukio, Shangazi aliitwa shuleni na mwalimu wa binti yake. Alitakiwa afike adhuhuri. Asubuhi alimnong'oneza Pacha.

"Nitachomoka kabla ya chakula. Nibebe."

"Nenda, dada," alijibu Pacha. "Lakini mwalimu akikuchapa, usiniite."

Muda ulipokaribia, Shangazi alitoka kwenye baridi, akafika hadi kwenye misumari wanapotundika makoti. Pacha alimwona anaelekea huko. Redio alimwona. Wote wakajua ameondoka.

Hakuondoka. Alipogeuka mara ya mwisho aliona kupitia mlangoni rundo la mwisho, mstari wa nyuma kabisa. Lilikuwa limeinama. Ni Pacha aliyelipanga, akiwa na haraka ya kufanya kazi ya watu wawili. Katoni zikiporomoka zingemwangukia mtu, na msimamizi angemfukuza Pacha.

Akarudi ndani wenzake wakiwa wamegeukia katoni za mbele. Hakumwambia mtu, kwa sababu halikuwa jambo la kumwambia mtu. Ni kunyoosha katoni nne au tano, basi.

"Nilikuwa nyuma kabisa, nimeinama," anasimulia. "Nikasikia wameanza kutoka. Pamoja, pamoja. Nikasema ngoja nimalizie hii moja. Najua hawafungi bila sauti yangu."

Anavuta mkono wake ulioumia ndani ya mkono wa koti.

"Halafu nikajisikia naitikia."

Pale mlangoni, Pacha alitoka wa mwisho. Alisema "Pamoja!" kwa sauti yake. Kisha akaishusha sauti chini, nzito, polepole, kama mtu anayefunga sala, akasema "Pamoja" ya Shangazi. Watu wakacheka. Komeo naye alicheka huku akiwa ameinama, ameshahesabu sita.

Mlango ukafungwa juu ya kicheko hicho. Taa ikazimwa.

"Nilisikia kicheko kimekatwa katikati, kama mkate," anasema Shangazi. "Mwanzo na mimi nilicheka. Nilisema, mjinga huyu ananiigiza vizuri. Ilichukua muda kidogo akili kufika."

Kawaida chakula huchukua saa moja, na baada ya hapo gari la mchana huja na mlango unafunguliwa. Siku hiyo gari la mchana liliharibika njiani.

Gizani, Shangazi alitambaa akifuata mstari wa katoni hadi mlangoni. Akapiga ngumi. Mlango ule umetengenezwa usipitishe baridi, na kelele nayo haupitishi. Akapiga kwa katoni, akapiga kwa kiatu. Akaita majina yote. Mjomba. Shemeji. Komeo. Pacha.

Kisha akakumbuka kitasa kilichokatika.

Kwa glavu hakuweza kukishika kile kipande cha chuma. Akavua glavu ya mkono wa kulia, akaingiza vidole vitatu kwenye tundu, akajaribu kukizungusha. Chuma kikashika ngozi. Alivuta, ngozi ikabaki. Akaingiza tena.

"Tena?" anaulizwa.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" anajibu, bila hasira. "Pale ndipo palipokuwa na mlango."

Aliingiza mara nyingi, mpaka vidole vikaacha kuuma. Hilo ndilo lililomtisha. Alichana katoni, akazikanyaga, akazifunga miguuni kwa kamba ya plastiki. Mguu wa kushoto ulikuwa umevuliwa kiatu wakati wa kupiga mlango, na kiatu kilipotea gizani. Alitembea hatua chache kwenda, chache kurudi, akijisemesha asilale.

Wakati huo, nje ya mlango, kwa umbali wa kutema mate, wenzake walikuwa wanamlinda.

Baada ya chakula msimamizi alipita, akawaona sita.

"Shangazi yuko wapi?"

"Chooni, bosi," alisema Pacha.

Akapita tena baadaye. "Huyu mama bado yuko chooni?"

"Tumbo linamsumbua," alisema Redio. "Mambo ya kina mama, bosi. Unataka nikufafanulie?"

Msimamizi akaondoka haraka. Wakapigana vikumbo kwa kicheko. Redio alisifiwa.

Mara ya tatu alikuja amenuna. Alisema anataka kumwona kwa macho. Bwana Harusi akamwambia Shangazi alikuwa hapo sasa hivi, ametoka kuchukua ufagio, hata hawajapishana? Mjomba akaapa ni kweli. Shemeji akaapa. Komeo, mwenye ufunguo mkononi, akaapa, na Pacha na Redio nao.

Watu sita waliapa kwamba wamemwona mtu ambaye alikuwa anaganda nyuma ya mgongo wao. Mmoja angesema tu, "Hatujui yuko wapi," Shangazi angetafutwa, na mlango ungefunguliwa. Hakusema mtu. Kwao, kusema hivyo kungekuwa usaliti.

Na kwenye ukuta wa makoti msumari wa Shangazi ulikuwa mtupu. Mtu anayetoka kwenda mjini huacha koti la baridi pale. Koti halikuwepo.

"Ule msumari tuliuona wote," anasema Redio, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake iko chini. "Mimi nilitundika kofia yangu hapo."

Shuleni nako, binti alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Alisubiri mpaka wenzake walipokwenda nyumbani.

"Nilimnunia mama," anasema msichana huyo, mwenye miaka kumi na minne. "Nilisema moyoni, akija simsalimii. Nilipanga kabisa na uso nitakaouweka."

Gari lilifika alasiri. Komeo alifungua mlango na kuwasha taa. Pacha alikuwa mbele na toroli, Redio nyuma yake.

Karibu na mlango, juu ya katoni zilizochanwa, kulikuwa na koti.

"Nilisema, nani kaacha koti lake hapa?" anakumbuka Redio. "Nikainama nilichukue. Koti likanipepesea macho."

Shangazi hakuweza kusema. Nyusi zilikuwa nyeupe. Mkono wa kulia alikuwa ameukumbatia kifuani, na vidole vitatu vilikuwa na rangi ya mshumaa. Komeo alikaa chini hapohapo na kuanza kujipiga kofi. Mjomba alikimbia kutafuta gari, akasahau kwamba lori lilikuwa limesimama nyuma yake.

Pacha hakupiga kelele. Alifungua blauzi yake mbele ya wanaume wote, akachukua ile mikono miwili, akaiweka kwapani kwake, na kukaa hivyo mpaka hospitali. Dereva wa lori aliyewapeleka anasema njia nzima yule mwanamke alikuwa akirudia kitu kimoja.

"Nilikuitikia. Nilikuitikia, dada."

Hospitalini hawakukata siku hiyo. Daktari alisema wasubiri waone nyama ipi ipo hai. Wakasubiri majuma, na vidole vikageuka vyeusi kama kuni iliyozimwa. Vikakatwa vitatu vya mkono na viwili vya mguu wa kushoto.

Lakini kilichomshtua Shangazi zaidi alikisikia akiwa bado kitandani.

Mwenye ghala alifika ghalani siku iliyofuata tukio na kuuliza ni nani aliyeitikia kwa niaba ya mtu mwingine. Pacha alijibu ni yeye. Akafukuzwa palepale. Watano waliobaki walinyamaza. Hakuna aliyesema, "Na mimi niliapa." Hakuna aliyesema kwamba huo ulikuwa mchezo wa kila siku. Msimamizi hakusema lolote kuhusu kitasa.

"Miaka yote tulibebana kwa vitu vidogo," anasema Shangazi. "Choo, shule, homa. Limekuja zito la kweli, wakamwachia mmoja alibebe mpaka barabarani. Mimi nilifikiri tuna ukoo. Nilichoshtuka ni hapo. Baridi ni baridi tu, haijawahi kuniita dada."

Komeo anasikiliza haya akiwa amesimama kando.

"Nilikuwa na watoto wa kulisha," anasema. Kisha anatikisa kichwa. "Na Pacha naye anao. Ndiyo hivyo."

Shangazi alikaa nyumbani miezi mitano. Nyumbani ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Mume wake ni fundi viatu. Alimtengenezea kiatu cha kushoto chenye kipande cha soli laini mahali pa vidole viwili visivyokuwepo, akakivunja na kukirudia mara kadhaa mpaka mkewe akaacha kuchechemea.

"Wateja wangu wananiambia nichaji ghali kiatu cha namna hiyo," anasema mume. "Nawaambia bei yake hamuiwezi."

Binti ndiye anayefunga vifungo, anayekata kucha zilizobaki, anayesuka nywele. Ndiye pia aliyegundua kwamba mkono wa mama sasa ni ile simu ya watoto, gumba sikioni na kidole cha mwisho mdomoni. Jioni anampigia mama yake kutoka upande wa pili wa pazia. Shangazi anaipokea.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mwanao. Naomba hela."

"Mtandao mbaya," anasema Shangazi, na kukata.

Mwenye ghala alipomwita na kumpa kazi ya mlango, mahali pa Komeo, alidhani ataruka kwa furaha. Shangazi alimwambia ana masharti mawili. La kwanza ni kitasa.

Fundi alikuja na mkoba mdogo wa ngozi. Alikifunga kitasa kipya kabla chai aliyopewa haijapoa.

Shangazi alikuwepo. Aliangalia kazi nzima, tangu fundi alipofungua mkoba hadi alipofuta mikono. Anasema alikwenda kukigusa kikombe cha fundi.

"Chai, bwana. Haikupoa."

Sharti la pili lilikuwa Pacha arudi. Hilo lilimchukua mwenye ghala muda mrefu kuliko kitasa. Alisema yule ni mwongo. Shangazi akamjibu kwamba waongo walikuwa sita, na kama anafukuza waongo, afunge ghala akauze peremende. Akakaa nyumbani tena. Juma lililofuata akaitwa.

Pacha mwenyewe ndiye aliyegoma. Mara mbili alifika mpaka getini akarudi. Shangazi alikwenda kwake. Hawakuzungumza mengi.

"Nikikuona mkono nitaweza kweli kufanya kazi?" aliuliza Pacha.

"Usiponiona mkono ndiyo utaweza?" alijibu Shangazi. "Njoo uuone uuzoee. Mimi mwenyewe nimeuzoea."

Leo amekuja. Ameingia na koti lake la zamani, akaamkia watu, wakaitikia wote kwa pamoja na kwa sauti kubwa kupita kiasi. Redio amemletea kofia mpya. Amempa tu, akaondoka. Kofia bado ina kibandiko cha bei.

Shangazi ana utaratibu wake mlangoni sasa. Neno lile halitumiki tena. Anaita mtu mmoja mmoja. Anayeitwa anakuja mbele yake, anagusa fremu ya mlango, anamtazama machoni na kusema, "Nimetoka." Hakuna kuitikiana. Asiyeonekana hajatoka, na mlango unabaki wazi, hata ukungu ufike barabarani.

Adhuhuri inafika. Anaanza.

"Mjomba."

"Nimetoka."

"Shemeji."

"Nimetoka."

"Bwana Harusi."

"Nimetoka, na sijaoa."

"Komeo." Siku hizi Komeo anasukuma toroli. Anagusa fremu kwa kiganja kizima.

"Nimetoka."

"Redio."

"Nimetoka, Shangazi."

"Pacha."

Hatoki mtu.

"Pacha."

Ukungu unamwagika. Watu watano wamesimama kwenye korido, na hakuna anayemjibia. Msimamizi anatokea kwenye mlango wa ofisi. Anatazama ukungu, anatazama mita ya umeme ukutani.

"Mama, funga mlango. Si wametoka hao?"

"Sijamwona Pacha."

"Atakuwa chooni."

Hapo ndipo Redio anapogeuka. "Usiseme hivyo, bosi," anamwambia taratibu. "Tafadhali. Usiseme hivyo tena hapa."

Msimamizi anarudi ofisini. Mlango unabaki wazi. Shangazi haiti mara ya tatu. Anavuta pumzi, anaweka mguu wake wa kushoto, wenye kiatu cha mume wake, ndani ya kizingiti ambacho hajakivuka tangu siku ile. Halafu wa kulia. Anasimama ndani ya baridi, mkono mmoja ukiwa juu ya kitasa kipya.

Kule nyuma kabisa, mstari wa mwisho, Pacha amepiga magoti. Hajaumia. Ameshika katoni ya chini ya rundo na hainuki.

"Nimeshindwa kusema," anasema Pacha. "Neno halitoki, dada."

"Neno halinisaidii," anasema Shangazi. "Njoo wewe."

Wanatoka mmoja nyuma ya mwenzake. Mlangoni Pacha anagusa fremu. Anamtazama Shangazi machoni, kisha anautazama mkono, anautazama hasa, kidole kwa kidole kisichokuwepo.

"Nimetoka," anasema. Ni sauti yake mwenyewe, nyembamba.

"Mimi pia," anasema Shangazi, na kufunga mlango.

Mpango wake ni kukaa mlangoni hapo mpaka binti amalize shule. Anataka pia yale maandishi ya chawa yafutwe, na ameshaomba rangi nyeupe. Hajajibiwa.

Walipoulizwa wote kwa jumla jambo lile liliwagharimu nini, walisukumiana kujibu. Mwishowe Shangazi alihesabu mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Vidole vitatu vya mkono. Vidole viwili vya mguu. Miezi mitano bila malipo kwake, na kwa Pacha zaidi ya hapo. Kiatu kimoja, ambacho hakikuonekana tena. Mchana mzima wa mtoto kwenye benchi. Na neno moja, ambalo hakuna hata mmoja kati yao saba anayeweza kulitamka tena, hata kanisani, hata msikitini, hata kwenye harusi ya watu.